Shahada ya Uongozi wa Biashara na Kazi za Chama cha Msingi

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya wilaya za Ngara na Biharamulo)



Mkoani Kagera iko biashara ya miaka mingi iitwayo butura. Mkulima aliyebanwa na ada ya shule, matibabu au msiba huuza kahawa yake ingali maua, au ikiwa mbichi mtini, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Viongozi wameikemea biashara hiyo msimu baada ya msimu. Lakini shida iliyompeleka mkulima kwa mnunuzi haiondolewi kwa kukemewa. Inafaa basi butura itazamwe kwa jicho la mtu aliyesomea uongozi wa biashara, kwa kuwa hapo ndipo faida ya elimu hiyo kwa chama cha msingi inapoonekana wazi.

Uchukuliwe mfano. Mkulima amepokea shilingi 40,000 mwezi wa Januari kwa gunia la kahawa ambalo mwezi wa Juni lingemletea shilingi 80,000. Yeye husema ameuza kahawa. Mtu wa hesabu atasema kwamba mkulima huyo amekopa shilingi 40,000 kwa miezi mitano, na amelipa riba ya shilingi 40,000 nyingine, yaani asilimia 100. Kama angalikopa fedha hizo katika chama cha akiba na mikopo kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, riba yote ingalikuwa shilingi 4,000. Tofauti ni shilingi 36,000 kwa gunia moja tu. Kwa hiyo butura ni jambo la mtaji. Dawa yake ni chama kuwa na fedha mwezi wa Januari, kuzikopesha kwa utaratibu, na kuzirudisha wakati wa mavuno bila upotevu. Kazi hiyo inahitaji ujuzi, na ujuzi huo hufundishwa.

Masomo ya shahada ya uongozi wa biashara huchukua kwa kawaida miaka mitatu. Majina ya masomo yenyewe hutisha, lakini kila moja lina mahali pake katika ghala la chama.

Kwanza ni uhasibu. Mwanafunzi hufundishwa kuandika leja, kufanya urari na kutayarisha mizania. Katika chama, hiyo ndiyo njia ya kujua kama kilo zilizoandikwa kwenye stakabadhi za wakulima zinalingana na kilo zilizotoka ghalani. Mizani ikipunja nusu kilo kwa kila gunia, magunia 1,000 yamepoteza kilo 500, na kilo hizo ni jasho la mtu.

Pili ni elimu ya fedha, ambayo humfundisha mtu kwamba muda nao una bei. Chama kikikopa shilingi milioni 50 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, kila miezi mitatu ya kuchelewa kuuza inagharimu shilingi 1,875,000. Ikiwa chama kimekusanya kilo 50,000, gharama hiyo ni shilingi 37 na senti 50 kwa kila kilo. Mara nyingi mwanachama huona malipo ya pili yamepungua akadhani ameibiwa, kumbe fedha zimeliwa na ucheleweshaji. Katibu anayeweza kuyaeleza hayo mbele ya mkutano mkuu huokoa imani ya wanachama.

Tatu ni masoko. Wilaya ya Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na malori hupita Rusumo na Kabanga usiku na mchana. Biharamulo iko kwenye njia panda za Nyakanazi na Lusahunga. Mahali kama hapo habari za bei husafiri haraka, za kweli na za uongo pamoja. Mtu aliyesoma masoko hujifunza kuuliza: bei hiyo ni ya kahawa ya maganda au iliyokobolewa? Ni ya ghalani au ya mnadani? Nani analipa usafiri?

Nne ni sheria na utawala wa watu: mikataba, ajira, na mipaka kati ya madaraka ya bodi na kazi ya mtendaji.

Upungufu wa ujuzi huo uliviumiza vyama vingi nchini. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi ya kununua mazao ikapelekwa kwa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama, na ile ya mwaka 1991 ikasisitiza kwamba chama ni mali ya wanachama wenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa vijijini. Vyama vilivyozoea kuwa mnunuzi pekee vikajikuta sokoni pamoja na wafanyabiashara wenye fedha taslimu, na vingi vilikuwa na watumishi wachache mno waliofundishwa namna ya kushindana.

Nafasi za kusoma zipo. Chuo cha Ushirika Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963, kilikuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2004, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Tawi lake la Kizumbi, Shinyanga, si mbali sana na Biharamulo. Chuo cha Uongozi wa Maendeleo Mzumbe, cha mwaka 1972, kilipandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2001. Mwanza kiko Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Kwa katibu asiyeweza kuiacha kazi yake, kipo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho mwanafunzi wake husoma akiwa nyumbani. Wapo pia wanaoanza na astashahada, wakapanda stashahada, kisha shahada. Njia hiyo ni ndefu, lakini humfaa mtu mzima.

Hata hivyo, shahada peke yake haijengi chama. Yako mambo matatu ya kuangaliwa.

La kwanza, chama kikiamua kumsomesha mtu, uamuzi huo utolewe na mkutano mkuu, na mkataba uandikwe kabla ya safari: chama kitalipa nini, na msomi atarudi kufanya kazi gani kwa miaka mingapi. Kijana anayesomeshwa bila mkataba akipata kazi mjini hana wa kulaumiwa.

La pili, msomi anaporudi apewe kazi ya kufanya. Kumweka mtu mwenye shahada akae akingoja mihuri ni kupoteza fedha mara mbili.

La tatu, elimu isiwe ya mtu mmoja. Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha chama chao mwaka 1844, baadaye walitenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa ajili ya elimu ya wanachama wote. Walijua kwamba mtaalamu mmoja kati ya wasiojua huweza kuwa mtumishi mwema, na huweza vilevile kuwa bwana mpya. Mwanachama asiyeweza kusoma taarifa ya mapato na matumizi hana namna ya kutambua yupi ni yupi.

Kwa sababu hiyo, kila katibu anaweza kuanza kabla hata ya kijana wa kwanza kwenda chuoni. Taarifa ya msimu na ibandikwe ukutani kwa Kiswahili chepesi: kilo zilizopokewa, kilo zilizouzwa, bei, riba, ushuru na kilichobaki. Nusu saa ya kila mkutano itengwe kwa kuisoma mstari kwa mstari. Halafu wanachama waulizwe ni wangapi kati yao waliouza kahawa ingali maua, na kwa shilingi ngapi. Jumla ya majibu yao ndiyo itakayoonyesha mtaji unaohitajika Januari ijayo, na aina ya mtu ambaye chama kinapaswa kumsomesha.