Treni ya mwendo kasi itashusha kodi ya nyumba Nairobi?

Haya ndiyo niliyosema kwenye mjadala wetu wa Ijumaa. Wengi mliomba niyaweke hapa, kwa hivyo twende. Sitaji mwanasiasa wala chama.

Wenzangu, kila msimu wa kampeni kuna mtu atasimama juu ya gari aseme: tukijenga treni ya mwendo kasi, utaishi Machakos, ufanye kazi Nairobi, kodi iwe chini. Inasikika tamu. Hebu tupige hesabu.

Machakos iko kama kilomita 60 kutoka Nairobi. Treni ya kilomita 120 kwa saa, mwendo wa SGR yetu ya abiria, ingemaliza umbali huo kwa nusu saa. Weka ya 240: robo saa. Mabilioni yote hayo yamekununulia dakika 15! Na hata hizo huzipati zote, maana treni lazima ishike kasi kisha ipunguze. Dakika 15 mimi huzipoteza steji nikingoja matatu ijae.

Shida iko kwingine. SGR ilipoanza 2017, kituo chake cha Nairobi kiliwekwa Syokimau, si katikati ya mji. Ukishuka, unatafuta treni nyingine au matatu ya kukufikisha tao. Anayeenda Mombasa mara moja kwa mwaka atavumilia. Mtu wa kila siku? Hapana.

Kuna mahali imefanya kazi, tusidanganyane. Mwaka wa 1992 Uhispania ilifungua reli ya kasi ya Madrid hadi Seville, ikipitia mji mdogo wa Ciudad Real. Madrid ikawa safari ya kama saa moja, na watu wakaanza kwenda kazini huko na kurudi jioni. Lakini walipata treni zao maalum, tiketi nafuu za safari nyingi, na kituo cha Atocha kilichounganishwa na treni za mjini. Kasi peke yake haingetosha.

Sasa kodi, na hapa ndipo mimi hukasirika kidogo. Reli ikitajwa tu, ploti zinatangazwa "karibu na kituo" kabla hata nguzo moja haijasimama. Bei ya ardhi inapanda, anafaidi aliyenunua mapema, mpangaji anasukumwa mbele zaidi. Hong Kong, kampuni ya reli hupewa haki ya kujenga juu na kando ya vituo, na faida inasaidia kulipia reli. Sisi faida tunawaachia wenye ploti na madalali, halafu tangu 2013 tunalipa ushuru wa reli kwenye bidhaa zinazoingia nchini.

Na yule wa Mukuru anayetembea hadi Industrial Area kila asubuhi kwa sababu hata nauli ya matatu ni mzigo? Hiyo treni itamsaidia aje?

Mwenzangu mmoja aliuliza, basi wewe unapinga reli? La. Ningeanza na ile ya zamani: Ruiru, Kikuyu, Embakasi, treni kila dakika 15 kuanzia alfajiri hadi usiku. Na mgombea akija kwenu na picha za treni yenye pua ndefu, muulizeni tiketi ya mwezi itakuwa pesa ngapi, treni ya mwisho itatoka tao saa ngapi, na ardhi ya kando ya kituo ni ya nani leo.