Mtoto Aliyeficha Moto

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo)



Leo tunataka tuzungumze juu ya kitabu kimoja cha hadithi. Kinaitwa Wait Till Helen Comes. Kimeandikwa kwa Kiingereza na mama mmoja wa Marekani, Mary Downing Hahn, ambaye aliwahi kuwa mkutubi wa vitabu vya watoto. Kilitolewa mwaka 1986. Ni hadithi ya nyumba yenye mzuka, nayo imeandikwa kwa ajili ya vijana. Tunajua wako watakaosema, "Sisi watu wazima, mizuka ya nini?" Subirini kidogo.

Hadithi yenyewe ni hii. Baba mmoja, Dave, alifiwa na mkewe. Ana binti wa miaka 7, Heather. Akaoa mama mwingine, Jean, mwenye watoto wake wawili, Molly na Michael. Wote wakahamia shamba, katika jimbo la Maryland, wakakaa katika nyumba ambayo zamani ilikuwa kanisa. Nyuma yake kuna makaburi. Kaburi moja ni la mtoto aitwaye Helen, aliyekufa miaka 100 hivi iliyopita. Naye alikuwa na miaka 7.

Heather hampendi mtu. Anawasemea wenzake kwa baba, na baba anamwamini yeye. Tusifichane, ukisoma unamkasirikia kabisa. Rafiki yake ni mmoja tu: Helen, yule wa kaburini. Anakwenda kuzungumza naye kwenye gofu la nyumba ya zamani, karibu na bwawa. Na Helen anatafuta mwenzake wa kukaa naye. Anamvuta majini.

Sasa, kwa nini mtoto aone afadhali mfu kuliko walio hai? Kwa sababu ana siri. Mama yake alikufa kwa moto, Heather akiwa na miaka 3 tu. Aliyechezea jiko ni yeye. Miaka yote hiyo amekaa na jambo hilo kifuani, akiamini kwamba baba akijua atamchukia. Watu wanaona mtoto mkorofi, kumbe ni mtoto mwenye hofu. Na Helen je? Vilevile. Nyumba yao iliungua kwa sababu yake, wazazi wakafa, yeye akakimbia akafa maji bwawani. Ndiyo maana wawili hawa wakapatana.

Molly anamwokoa Heather majini. Wanaingia ndani ya lile gofu, sakafu inavunjika, wanatumbukia chini. Mle gizani wanakuta mifupa ya wazazi wa Helen, ambao hawakupata kuzikwa. Helen anafika, analia, anawaomba wazazi wake msamaha. Heather anayaona yote. Ndipo anamwambia Molly siri yake, na baadaye baba. Baba hamchukii hata kidogo.

Sisi mzuka haukututisha sana. Kilichotutisha ni huyo baba. Anampenda binti yake, anamlinda, hataki mtu amguse. Lakini kumwuliza yaliyo moyoni mwake juu ya moto ule, hapana.

Na kwetu je? Msiba ukitokea, watoto tunawafukuza: "Nendeni mkacheze huko." Wakubwa tunakaa matanga, tunalia, tunafarijiana. Mtoto aliyekuwa karibu na kibatari, au aliyeachiwa mdogo wake kisimani, nani anakaa naye? Pengine hakufanya lolote. Pengine aligombana tu na marehemu asubuhi ile akamwambia "ufe", basi anaamini neno lake ndilo lililoua. Hawezi kusema. Anakojoa kitandani, anapiga wenzake, anatoroka shule, nasi tunasema ameharibika.

Kumwuliza si kazi ngumu. Mnapopukuchua mahindi, mwulize polepole: siku ile ulikuwa wapi? Uliona nini? Kisha nyamaza. Akianza kusema usimkatize, wala usimwambie "acha maneno hayo". Na kama kweli mkono wake ulikuwamo, mweleze kwamba mtoto wa miaka 3 haujui moto, na kwamba wewe bado ni mzazi wake.

Kikundi kinachotaka kusimuliwa hadithi hii yote kwa Kiswahili, kipande kwa kipande, kimwambie mwalimu wake. Ile sehemu ya bwawani tutaisimulia mchana.