LAKIRI HAIMKAMATI MWIZI, INAMUUMBUA

Hotuba fupi iliyotolewa mbele ya vijana wa chama



Kila uchaguzi mnakesha vituoni kulinda masanduku ya kura. Leo nawasimulia sanduku jingine. Hili likichezewa halizai mbunge wa wizi, linazaa bomu.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao Vienna, linahesabu kwamba kilo 8 za plutoniamu zaweza kutosha bomu moja. Kilo hizo hazijazi hata chupa ya nusu lita! Nani atazilinda usiku na mchana?

Shirika hufunga kamera na lakiri kwenye maghala. Ziko lakiri zenye uzi unaopitisha mwanga. Ukiukata, mwanga unakatika, na chombo kinaandika tarehe na saa. Taarifa zinatumwa kwa maandishi ya siri, na mkaguzi anazisoma Vienna bila kupanda ndege.

Lakini tusidanganyane. Kamera haina mikono.

Korea Kaskazini ilikubali mwaka 1994 kusimamisha mtambo wake wa Yongbyon. Fimbo 8,000 hivi za mafuta yaliyotumika zikawekwa chini ya ulinzi wa wakaguzi. Desemba 2002 wakubwa wa huko wakakata lakiri, wakaziba kamera, wakafukuza wakaguzi. Dunia ilijua siku zile zile. Ikapiga kelele, ikakaa mikutano. Oktoba 9, 2006, wakalipua bomu lao la kwanza la majaribio.

Iran nayo, Juni 2022, iliamuru kamera 27 za Shirika zing'olewe. Hapo tatizo ni jingine: kipindi ambacho kamera haikuona, hakuna fundi wa kukirudisha. Hata ukiifunga tena kesho, shimo la jana linabaki.

Vijana, nini tunajifunza? Kwanza, anayefukuza macho ameshajibu swali kabla hajaulizwa. Pili, lakiri inamuumbua mwizi, haimkamati. Kazi ya kumkamata ni ya watu, na lazima wajiandae kabla lakiri haijakatwa, si baada.

Kwa hiyo wakala wetu akitolewa nje ya kituo, asirudi nyumbani kulalamika. Aandike saa, aandike namba ya lakiri, aite mashahidi. Na sisi tuwe tayari tumeshajua wapi pa kuipeleka karatasi hiyo.