Tarakimu Nne za Babu



Jumamosi ni siku ya mnada Msalato, Dodoma. Wapo wanaoswaga mifugo tangu alfajiri, na jua likifika utosini moshi wa nyama choma umeshatanda. Jumamosi iliyopita nilisimama kwenye kibanda cha wakala, nyuma ya mzee aliyetoka kuuza mabeberu wawili. Mnunuzi alikuwa amemlipa kwa simu. Mzee akatoa kitochi chake, kimefungwa mpira betri isidondoke, akamkabidhi kijana wa kibandani. Kijana akabonyeza, kisha akauliza, sote tukisikia: "Babu, namba yako ya siri?"

Mzee akaitaja. Tarakimu nne, kwa sauti, mbele ya foleni ya watu saba.

Kijana hakumwibia hata shilingi. Noti zilihesabiwa mbele yetu. Lakini sauti ile sijaisahau hadi leo.

Tunapoulizana nani anatumia teknolojia na nani hatumii, huwa tunahesabu simu. Kwa hesabu hiyo babu yumo. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na sasa hata beberu analipiwa bila noti kuonekana. Mwaka 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa, wapo wakulima waliorudishwa mara kadhaa kwa kuwa jembe limezifuta alama zenyewe. Babu alipita huko kote. Simu ni yake, laini ina jina lake, fedha ni jasho lake. Asichoweza ni kubonyeza mwenyewe.

Menyu imeandikwa Kiswahili, ndiyo. Ila mtu aliyelelewa kwa lugha ya Cigogo, Kiswahili akakiokota kwa masikio minadani, akiwa bado anaunganisha herufi za mstari wa tatu, menyu imeshajifunga. Anaanza upya. Mara ya pili anampa kijana.

Nyumbani ni mjukuu. Binti anayesoma bweni haruhusiwi simu shuleni, lakini shule ikifungwa yeye ndiye macho ya ukoo mzima: anasoma salio la babu, deni la shangazi, ujumbe wa mjomba aliye Dar es Salaam. Anafanya kwa upendo. Hata hivyo, babu aliyezoea kujua peke yake ana kiasi gani, na atampa nani, hana tena faragha hiyo. Naona hapo ndipo tunapotofautiana hasa: wako wenye siri, na wako ambao siri yao lazima ipite mkononi mwa mwingine.

Nchi hii iliwahi kulishughulikia jambo la namna hii. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio ipo bado, mnanisikia. Somo la kubonyeza lingeweza kupita humu humu, kwa Kiswahili na kwa Cigogo, watu wakiwa na vitochi mikononi. Na kampuni za simu ziweke menyu inayosema, si ya kusomwa tu.

Nawe kijana wa kibandani, zikifika zile tarakimu nne mrudishie babu simu yake, ugeuze uso. Atachelewa. Foleni itamsubiri.