Mtamba apandishwe lini?
Wafugaji wa Gungu na Ujiji, mtamba wa Friesian na wa Ankole wakizaliwa siku moja, wasipandishwe siku moja. Friesian aliyelishwa vizuri hufikisha kilo 300 hivi kwenye miezi 15 hadi 18; Ankole na zebu wetu hukawia zaidi. Kwa hiyo usihesabu miezi tu. Subiri afikishe asilimia 60 hivi ya uzito wa ng'ombe mkubwa wa aina yake. Ili kujua uzito wake, mzungushie utepe wa kupimia uzito kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, usome. Kiangazi majani yakikauka, mwongezee majani ya lukina, pumba na mashudu ya mise (kokwa za chikichi), maana michikichi tunayo. Maji na jiwe la chumvi visikosekane. Tafadhalini sana: akipandishwa angali mdogo, ndama huweza kukwama njiani wakati wa kuzaliwa.