Mlango Mmoja, Meko Mangapi?

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa vijana wetu baada ya futari, Mji wa Kale, Mombasa)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Nimeambiwa nizungumze dakika kumi kuhusu kufuturisha. Mwenye zamu alikuwa maalim, mimi nimezibia pengo tu, kwa hivyo nikikosea mnistahi. Thawabu za kumfuturisha aliyefunga mwazijua tangu chuoni, sitazirudia. Nataka tuikumbuke Ramadhan ya mwaka 2020, ambayo hawa wadogo waliokaa hapa mbele labda hawaijui.

Corona iliingia Kenya mwezi wa Machi mwaka ule. Skuli zikafungwa, misikiti ikafungwa, ikaja amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja ya jioni. Tarehe 8 Aprili Mombasa nzima ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka kaunti. Sisi wa Mji wa Kale tukaongezwa fungu letu. Tarehe 6 Mei, katikati ya mwezi mtukufu, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kwamba mtaa wetu, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, umefungwa kwa siku 15. Siku zikaongezwa, na hatukufunguliwa mpaka mwanzoni mwa Juni. Idi tuliiswali majumbani.

Kwa Muislamu hilo si jambo geni. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, akaazimia kurudi na watu wake. Ndipo Abdurrahman bin Auf (R.A.) akamweleza alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.), kwamba mji wenye tauni usiuingie, na ukiwa umo ndani usitoke kwa kuikimbia. Haya, tumesikia na tumetii. Lakini aliye ndani akishatii, atakula nini?

Maana Mji wa Kale, ndugu zangu, watu wa nje huja kupiga picha milango ya nakshi wakadhani nyuma yake kuna matajiri. Wengi wetu hapa chakula cha leo kinatoka kwenye kazi ya leo. Mama wa viazi vya karai, muuza kahawa, wa tuktuk, anayewatembeza watalii Fort Jesus, hamali wa bandari ya kale. Na Ramadhan ndiyo msimu wenyewe! Kaimati, bhajia, sambusa, mahamri, mama anauza mwezi mmoja akapata ada ya skuli ya watoto. Mwaka ule karai zilikaa kavu.

Vijana wa mtaa wetu wakaanza kukusanya. Mwenye duka alitoa unga, mwengine tende, jamaa walioko Uarabuni na Uingereza wakatuma pesa. Kulikuwa na chakula cha serikali ya kaunti pia, na misikiti iliyofungwa milango haikufunga mikono. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, kazi yangu kubeba. Tulitoka baada ya alasiri, kwa sababu maghribi mwezi wa Mei ni kama saa kumi na mbili na robo, na saa moja uwe umeshaingia ndani. Mchele, unga, sukari, mafuta, mbaazi. Nikibisha, naweka kizingitini, narudi nyuma hatua mbili, natia alama kwenye daftari.

Sasa lile lililonifanya nikubali kusimama hapa. Katika daftari tuliandika milango. Mlango mmoja, fungu moja. Nanyi mwazijua nyumba zetu, mlango ni mmoja lakini ndani ngazi inapanda, chini ni mjukuu wa marehemu, juu ni wapangaji, na nyuma kule kwenye chumba cha stoo amelala mtu. Nyumba moja hapa mtaani, siitaji, niliitia alama siku nne mfululizo. Siku ya tano nilichelewa, adhana ikanikuta nikiwa ukumbini. Nikamwona ami mmoja, hamali, amekaa kwenye kidato cha chini cha ngazi. Anafuturu maji. Maji peke yake, na kikombe chenyewe kimevunjika mkono.

Nikamuuliza, "Ami, fungu lenu halikufika?" Akasema, "Limefika, mwanangu. Ni la wenye nyumba."

Wenye nyumba hawakumnyima. Wao walidhani ana lake, sisi tulidhani anakula pamoja nao. Miaka yote yule ami alikuwa akifuturu msikitini, kwenye tende na uji wa pale ukumbini, kama wachukuzi na wasafiri wengi wasio na mke wala jiko hapa mjini. Msikiti ulipofungwa hakuna aliyejiuliza wale watu wameelekea wapi. Na mimi nilikuwa nimetia alama siku nne, wallahi, najiona nimefanya kheri kubwa.

Tangu siku ile tuliacha kuhesabu milango. Tuliuliza: humu ndani kuna meko mangapi, na yuko nani asiye na jiko? Swali hilo halijibiwi kwa kupokea fungu haraka haraka, lataka mtu asimame azungumze. Na hapo tukagundua jengine. Bibi mmoja wa ghorofa ya juu, watoto wake wote wako ng'ambo, chakula alikuwa nacho. Alichokosa ni mtu wa kumwambia habari. Baraza zimekatazwa, jirani haji, hata mpiga daku hapiti. Alikuwa akiteremsha kikapu kwa kamba nasi tunatia fungu, kisha anatushika kwa maneno robo saa nzima. Mara ya pili kikapu kilishuka na kaimati ndani! Basi tukawa tunampangia zamu, kila jioni kijana mmoja wa kusimama chini ya dirisha.

Na wale waliopiga picha za wapokeaji, siwataji. Wanajijua.

Leo misikiti i wazi, alhamdulillah, na futari ya ukumbini imerudi. Yule ami hatunaye tena mtaani, alirudi kwao. Lakini chumba kile cha stoo kina mpangaji mwengine, nimemwona juzi akitoka na mkokoteni, jina lake silijui bado.

Daftari la mwaka huu liko pale mlangoni, karibu na viatu. Kabla hamjatoka kila mmoja aandike nyumba anayokaa, ghorofa kwa ghorofa, na vyumba vya nyuma msivisahau. Zamu ya kwanza ni kesho baada ya alasiri. Nataka watu sita.