Haki ya Mtoto Aliyezaliwa Nje ya Ndoa



Wahenga walinena kwamba kitanda hakizai haramu. Msemo huo humlinda mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, hata minong'ono iwe mingi kiasi gani. Lakini yule ambaye wazazi wake hawakuoana hana kitanda cha kumtetea. Je, alindwe na nani? Twapenda kuonyesha kwamba hapa Kenya analindwa na sheria, tena si kwa hisani bali kwa haki.

Haki hiyo haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1959 ilitungwa sheria iliyomwezesha mama asiye na mume kumdai baba matunzo ya mtoto mahakamani. Mwaka 1969 sheria hiyo ikafutwa, na mzigo ukabaki mabegani mwa mama. Tena, kifungu cha 12 cha sheria ya kuandikisha vizazi na vifo hakikuruhusu jina la baba asiyemwoa mama liandikwe, isipokuwa wote wawili waombe pamoja. Baba akikaa kimya, mtoto alipewa cheti kisicho na jina la baba.

Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 53, ilitamka kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Mwezi Mei 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu kile cha 12 chapingana na Katiba. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikauthibitisha usawa huo. Baba akikana, mahakama yaweza kuagiza kipimo cha DNA.

Urithi nao wahitaji uangalifu. Sheria ya Urithi humhesabu mtoto huyu kuwa wa mwanamume aliyemkiri waziwazi, au aliyemkubali kwa vitendo, au aliyejitwika kwa hiari wajibu wa kudumu juu yake. Mtoto ambaye jamaa humwona mara ya kwanza siku ya mazishi atalazimika kuyathibitisha hayo, na shahidi wake mkuu yumo jenezani. Kwa hiyo twawasihi akina baba: wakirini watoto wenu mngali hai, wajulisheni ndugu zenu, andikeni wosia. Nanyi akina mama, hifadhini barua na stakabadhi za karo.

Wapo wanaohofu kwamba kumtetea mtoto huyu ni kuidharau ndoa. Sivyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimwekea mwana wa nje ya ndoa kizuizi cha kupokea daraja takatifu. Ile ya mwaka 1983 haina tena kizuizi hicho, na ndoa ingali sakramenti ile ile. Kosa, likiwapo, ni la watu wazima wawili. Mtoto hakuulizwa, wala asitozwe deni lisilo lake.